Walimu wa michezo wamtazame Bobby Jones

Yeyote aliyesoma katika shule za Embu au Meru amelishika fyekeo. Mvua za masika zikishainyeshea miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, nyasi za viwanja vya shule hurefuka upesi, na wanafunzi hugawiwa mafyekeo hayo, ambayo wao huyaita slasha, wengine kwa zamu na wengine kwa adhabu. Mwalimu anayesimama kando akiwasimamia ana nafasi ya kuona jambo ambalo wengi wetu hatulitazami. Mwanafunzi mgeni wa kazi hukaza mikono, huinua mabega hadi karibu na masikio, hupiga nyasi kwa nguvu zake zote, na baada ya muda mfupi viganja vyake vimetoka malengelenge ilhali nyasi zimelala tu bila kukatika. Jirani yake, mtoto wa mkulima wa Runyenjes au Nkubu aliyezoea kufyeka kingo za shamba tangu utotoni, hushika mpini kwa wepesi, hugeuza kiuno, hukiacha chuma kirudi nyuma kwa utulivu, kisha huuachia uzito wa chuma chenyewe ushuke na kufanya kazi. Nyasi zinakatika, naye hatokwi na jasho.

Tofauti iliyopo baina ya wanafunzi hao wawili ndiyo iliyopo baina ya mchezaji gofu wa ridhaa anayehangaika kila Jumamosi na yule aliyebobea. Nautaja mchezo wa gofu kwa makusudi. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu, na walimu wengi wa pande zetu, ambao wao wenyewe hawakufundishwa jinsi mwendo wa mwili unavyofunzwa, wametwikwa kazi hiyo. Wengi hukimbilia kusema. Wanamweleza mtoto mambo kumi kwa dakika moja, kisha wanashangaa kwamba hata lile moja aliloliweza jana limemtoka. Nimeona kwamba hakuna maisha yanayofaa kutazamwa na walimu hao kama yale ya Mmarekani mmoja aliyefariki mwaka wa 1971, na ambaye hakupata hata somo moja rasmi la mchezo uliomfanya maarufu duniani.

Jina lake kamili lilikuwa Robert Tyre Jones, na dunia ilimwita Bobby. Alizaliwa tarehe 17 Machi 1902 katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, baba yake akiwa wakili. Alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa. Tumbo lake lilikataa chakula kigumu hadi alipokaribia umri wa miaka mitano, na wazazi wake walihofia kwamba hangeishi. Kwa ajili ya afya yake familia ilianza kukaa nje ya mji wakati wa kiangazi, mahali paitwapo East Lake, kandokando ya uwanja wa gofu. Hivyo ndivyo mtoto huyo dhaifu alivyojikuta jirani ya mchezo ambao hakuna aliyetarajia kwamba angeuweza.

Mwaka wa 1908 klabu ya East Lake ilimpokea mwalimu mpya wa gofu kutoka Carnoustie, huko Scotland, aitwaye Stewart Maiden. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, ambaye wote waliomjua walikubaliana kwamba maneno yake yalikuwa haba mno. Mtoto Bobby alimfuata nyuma shimo baada ya shimo, hana la kumwuliza wala haulizwi. Anamtazama. Akichoka hurejea nyumbani, huchukua fimbo iliyokatwa ikamfaa kwa kimo chake, na kuigiza alichokiona. Inasimuliwa kwamba baada ya miaka michache waliomwona kwa mbali walimdhania kuwa ni Maiden mwenyewe, kwa jinsi mwendo wao ulivyofanana. Mtoto huyo pia aliwaigiza watu wengine wa klabuni, hasa wale waliokuwa na vituko katika kusimama na kupiga, akawachekesha wazazi wake uani. Mwalimu asilipuuze jambo hili dogo. Mtoto anayeweza kumwiga mtu mwenye kasoro hadi watu wakaangua kicheko ameshaiona kasoro hiyo, na ameiona kwa mwili wake, si kwa maneno.

Huku kwetu darasa la namna hiyo lipo, ingawa halina jina. Mjini Meru kuna uwanja wa gofu, na kuna vijana wanaobeba mifuko ya fimbo za wachezaji, wale waitwao makedi. Nimewatazama mara nyingi wakisubiri kazi. Mmoja huokota tawi lililonyooka, akalishika kama fimbo, akaigiza namna bwana fulani anavyopiga: anavyojikuna, anavyotikisa kiuno, anavyokaza shingo, hadi wenziwe wanashika mbavu. Kisha, pasipo kuambiwa na mtu, huigiza mpigo wa mchezaji bora waliyewahi kumwona, na hapo kicheko hukoma. Vijana hao wanajua mengi kuhusu mzungusho wa fimbo kuliko baadhi ya mabwana wanaowalipa. Hilo ni jambo la kuliwazia, nami nitalirudia baadaye.

Bobby alishinda mashindano ya watoto ya klabu yake akiwa na umri wa miaka 9. Alipofika miaka 14, mwaka wa 1916, alishiriki mashindano ya taifa ya wachezaji wa ridhaa katika uwanja wa Merion, jimbo la Pennsylvania, akafika robo fainali. Magazeti yalimshangilia. Kwa miaka 7 iliyofuata, hata hivyo, hakushinda shindano lolote kubwa la taifa, na sababu yake haikuwa mikono wala miguu, bali hasira. Alirusha fimbo. Alitukana mpira. Mwaka wa 1921, akicheza kwa mara ya kwanza mashindano ya wazi ya Uingereza katika uwanja wa kale wa St Andrews, alivurugikiwa katika duru ya tatu. Mpira wake ukaingia katika shimo la mchanga kwenye shimo la 11, naye baada ya kushindwa kuutoa aliuokota akajiondoa. Kwa Waskoti, wanaouheshimu uwanja ule kama mahali patakatifu, kijana yule alikuwa amejivunjia heshima mbele ya kaumu nzima.

Waandishi wengi hupita haraka juu ya miaka hiyo 7 ili waufikie ushindi. Mimi naiona kuwa sehemu yenye manufaa zaidi kwa mwalimu, kwa sababu inaonyesha kwamba ufundi wa mwili uliokamilika waweza kukaa ndani ya mtu asiyekamilika. Maiden alikuwa amemwachia kijana mwendo mzuri. Hakuweza kumwachia utulivu. Huo ilimpasa autafute mwenyewe, na wala hakuupata kwa kuhubiriwa. Aliupata kwa kushindwa mbele ya watu mara nyingi hadi alipogundua kwamba mpinzani wake wa kweli ni ile idadi ya mipigo ambayo mchezaji hodari angetumia katika uwanja ule, si mtu anayetembea kando yake. Tangu alipoanza kucheza dhidi ya hesabu hiyo, hasira ilipungua, maana huwezi kuikasirikia namba kwa muda mrefu.

Sasa tuutazame mzungusho wenyewe, kwani ndiko walimu wanakokwama. Jones alisimama miguu ikiwa karibu karibu, karibu kuliko wachezaji wengi wa leo. Mikono ilining'inia kutoka mabegani bila kukakamaa. Aliushika mpini kwa wepesi, nguvu kubwa zaidi ikiwa katika vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto. Fimbo iliporudi nyuma hakuipeleka kwa mikono peke yake: kiuno kiligeuka, mabega yakageuka, na kisigino cha mguu wa kushoto kikainuka kutoka ardhini ili mwili upate kujikunja hadi mwisho wake. Yote hayo yalifanyika bila haraka, kiasi cha mtazamaji kudhani kwamba mtu huyu hana nia ya kupiga mbali. Kisha ndipo ilipokuja siri ambayo wachezaji wa ridhaa wengi huikosa. Mwendo wa kurudi mbele haukuanzia mikononi. Ulianzia chini. Kiuno kilianza kujikunjua kuelekea kushoto wakati mikono ikiwa ingali juu, mwili ukaivuta mikono, mikono ikaivuta fimbo, na kichwa cha fimbo, kilichokuwa nyuma ya vyote, kikaja mwisho kwa kasi kupita vyote. Mwanafunzi wa fizikia atalitambua hili mara moja: sehemu iliyo mbali zaidi na kitovu cha mzunguko ndiyo inayokwenda kwa kasi zaidi, almuradi zile za ndani zianze kwanza na zisishindane nayo.

Mchezaji anayehangaika hufanya kinyume. Akifika juu hupatwa na tamaa ya kuupiga mpira, na tamaa hiyo hukaa mabegani na viganjani. Mikono hukimbia mbele ya kiuno, fimbo husukumwa nje, kisha hulazimika kuingia ndani ikivuka mpira kama mtu anayeukata kachumbari. Uso wa fimbo huwa umefunguka, mpira hupata mzunguko wa pembeni, nao hupinda kwenda kulia hadi kwenye kahawa ya jirani. Nasema kulia nikimkusudia anayepiga kwa mkono wa kulia. Yule mwenye bidii huona mpira umekwenda kulia, akaamua kulenga kushoto zaidi, na kwa kufanya hivyo anazidisha ule ule ukataji uliouharibu mpigo wa kwanza.

Nina mwalimu mwenzangu wa hisabati, mwenyeji wa Chuka, aliyesumbuliwa na maradhi hayo kwa miaka miwili. Marafiki zake walikuwa wamempa mawaidha yote: ashushe kichwa, anyooshe mkono wa kushoto, akunje magoti, asiinuke, atoe pumzi. Aliposimama mbele ya mpira alifanana na sanamu, na alipoujongeza mwili, kila kiungo kilikuwa na amri yake. Nilimpeleka nyuma ya madarasa penye nyasi ndefu nikampa fyekeo, nikamwomba afyeke kwa dakika kumi kama alivyofanya akiwa mvulana, kwa mikono miwili. Hakuhitaji kufundishwa. Kiuno kiligeuka chenyewe, chuma kikapita chenyewe. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba asiwahi kukiharakisha chuma kikiwa juu. Najua mfano wa fyekeo una mipaka yake, kwani nyasi zipo nyingi na mpira ni mmoja, na fyekeo halina haja ya kufika mahali padogo kama sarafu. Hata hivyo, baada ya majuma kadhaa mpira wake ulipinda kidogo kuliko awali, naye akaacha kuzungumza na magoti yake.

Kuna sababu nyingine iliyoufanya mwendo wa Jones uwe wa utulivu, nayo ni chombo alichokitumia. Mipini ya fimbo zake ilikuwa ya mti wa hikori. Mti huo hupinda na kujisokota mchezaji anapoharakisha, na ukijisokota uso wa fimbo hauufikii mpira ulivyokusudiwa. Chuma kiliruhusiwa rasmi Marekani mwaka wa 1924 na Uingereza mwaka wa 1929, ila yeye aliendelea na mti hadi alipoacha mashindano. Tunaweza kusema kwamba mti ulikuwa mwalimu wake wa pili baada ya Maiden: mwalimu asiyesema, anayemwadhibu papo hapo mwenye pupa. Ndiyo maana siwacheki vijana wa Meru wanaochezea matawi. Tawi baya hufunza subira kuliko fimbo ya bei ghali inayomsamehe mtu makosa yake.

Mwaka wa 1923 mlango ulifunguka. Katika uwanja wa Inwood, karibu na New York, Jones alishinda mashindano ya wazi ya Marekani baada ya kurudiana na Bobby Cruickshank, Mskoti. Kuanzia hapo hadi mwaka wa 1930 alitwaa mataji 13 makubwa: manne ya mashindano ya wazi ya Marekani, matatu ya mashindano ya wazi ya Uingereza, matano ya wachezaji wa ridhaa wa Marekani na moja la wachezaji wa ridhaa wa Uingereza. Mwezi Juni 1926, akiwania nafasi ya kushiriki mashindano ya Uingereza, alicheza duru moja huko Sunningdale ambayo bado huzungumzwa. Alitumia mipigo 66: 33 katika nusu ya kwanza na 33 katika nusu ya pili, na kati ya yote, 33 ilikuwa ya kuusukuma mpira karibu na shimo na 33 ya mahali pengine pote. Mwalimu wangu yule wa hisabati aliifurahia habari hii kuliko mataji yote 13.

Katika miaka hiyo yote Jones hakupokea hata senti moja kwa kucheza. Wala hakuishi uwanjani. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha Georgia Tech, akahitimu mwaka wa 1922. Akaenda Harvard kusomea fasihi ya Kiingereza. Kisha akaingia Emory kusomea sheria, akaufaulu mtihani wa uwakili kabla hata ya kumaliza masomo yake. Kuna majira ambapo alikaa miezi bila kushika fimbo, akaishika mashindano yakikaribia. Siwahimizi wanafunzi kufanya hivyo, kwa kuwa si kila mtu ameumbwa kwa kipaji kile. Ninachosema ni kwamba yule mzazi wa Embu anayemkataza mwanawe michezo kwa kuhofia vitabu, na yule mkufunzi anayemkataza kijana vitabu kwa kuhofia mashindano, wote wawili wana la kumjibu mtu huyu.

Mwaka wa 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani huko Worcester, Massachusetts, lilitokea tukio ambalo limemjengea jina kuliko mengi aliyoyashinda. Akijiandaa kupiga kutoka kwenye nyasi ndefu, mpira wake ulisogea kidogo. Hapakuwa na mwingine aliyeuona. Waamuzi walisita, wakamwachia yeye uamuzi, naye akajihesabia mpigo mmoja wa adhabu. Mashindano yalipokwisha alikuwa amefungana na Willie Macfarlane. Wakarudiana mashimo 18, wakafungana tena. Wakarudiana mashimo mengine 18, Macfarlane akashinda kwa mpigo mmoja. Kila mtu alijua mpigo ule ulikotoka. Jones alikereka kusifiwa kwa jambo hilo, akiona kwamba kumsifu mtu kwa kutoiba ni kumtusi.

Kilele chake kilikuwa mwaka wa 1930. Kati ya mwezi Mei na Septemba alishinda mashindano yote manne makubwa ya zama zake: ya ridhaa ya Uingereza huko St Andrews, ya wazi ya Uingereza huko Hoylake, ya wazi ya Marekani huko Interlachen, na mwisho ya ridhaa ya Marekani huko Merion, uwanja ule ule alioingia akiwa na miaka 14. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Mwezi Novemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 28, alitangaza kwamba ameacha mashindano.

Alichokifanya baadaye ndicho kinachomfanya awe wetu sisi walimu. Aliingia mkataba na kampuni ya Warner Brothers, akaiacha hadhi ya mchezaji wa ridhaa, mwaka wa 1931 akatengeneza filamu fupi 12 za kuonyesha jinsi anavyocheza, na mwaka wa 1933 akaongeza 6. Waigizaji mashuhuri wa sinema walitokea humo kama wanafunzi wake. Alitumia kamera za kupunguza kasi, hivyo mwendo uliokuwa ukipita kama radi ukaweza kutazamwa sehemu kwa sehemu, kisigino kikiinuka, kiuno kikianza, viganja vikisubiri. Mtoto aliyejifunza kwa kumtazama mwalimu mkimya alikuwa sasa amewapa mamilioni ya watu nafasi ile ile ya kutazama. Aliandika pia, na katika maandishi yake alikiri kwamba mchezaji hawezi kufikiria mambo mengi katikati ya mzungusho. Uchambuzi una mahali pake, mezani au kwenye filamu. Mbele ya mpira mtu ana nafasi ya wazo moja.

Filamu hizo zilikaa bila kutazamwa kwa miaka mingi, zikatolewa upya katika kanda za video miaka ya 1980, na leo vipande vyake vinapatikana kwenye simu. Nimewaona makedi wawili wa Meru wakikitazama kipande kimoja mara tano, wakimbishia mwenzao kuhusu kile kisigino.

Sitamaliza habari zake bila kulitaja lile ambalo wasifu wengi wa kumsifu hulifunika. Georgia aliyokulia ilikuwa nchi ya ubaguzi. Waliobeba mifuko katika viwanja vile walikuwa vijana weusi, ambao waliweza kutazama mpigo wa Maiden na wa Jones kwa karibu kuliko mwanachama yeyote, ila hawakuruhusiwa kucheza kama wanachama. Jones alipoanzisha uwanja wa Augusta pamoja na Clifford Roberts, kwa usanifu wa Alister MacKenzie, ubaguzi uliingia naye getini. Mashindano ya Masters yalianza mwaka wa 1934. Mchezaji mweusi wa kwanza, Lee Elder, alicheza humo mwaka wa 1975, miaka minne baada ya kifo cha Jones. Mwanachama mweusi wa kwanza aliingizwa mwaka wa 1990. Mtu aliyejihesabia mpigo ambao hakuna aliyeuona hakuonekana hadharani akiuhesabu huu ambao kila mtu aliuona. Naliona kuwa doa, wala silioni dogo.

Wala sisi tusijione tuko mbali na hadithi hiyo. Gofu ilifika Nairobi mwaka wa 1906 pamoja na walowezi, na katika klabu za wakoloni Mwafrika aliingia kama mtumishi, akibeba mifuko au kukata nyasi. Uhuru ulifungua malango hayo, na tangu mwaka wa 1967 tumekuwa na mashindano yetu ya wazi. Lakini siku hizi lango hufungwa na gharama. Kijana wa Meru aliyeuona mpigo mzuri mara elfu moja hana fimbo ya kuujaribia, na shule yake iliyo umbali wa kilomita mbili haijawahi kuomba hata fimbo kuukuu tatu. Jones alipewa mambo mawili: mtu wa kumtazama, na mahali pa kujaribu. La kwanza vijana wetu wanalo tayari. Walimu wakuu wa Embu, Tharaka-Nithi na Meru walioingiza michezo katika sekondari zao za juu wanaweza kulitafuta la pili kwa barua moja kwa klabu iliyo karibu nao, wakiomba saa mbili za asubuhi ya katikati ya juma, wakati uwanja hauna watu.

Jones alipigania nchi yake katika Vita Vikuu vya Pili, akarejea kwenye kazi ya uwakili. Mwaka wa 1948 alicheza duru yake ya mwisho. Mikono na miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi, na baada ya kupasuliwa mwaka huo na tena mwaka wa 1950, madaktari walitambua kwamba ana ugonjwa adimu uletao uvimbe wa maji ndani ya uti wa mgongo. Hauna tiba ya kuurudisha mwili ulivyokuwa. Alitembea kwa mkongojo, kisha kwa mikongojo miwili, kisha akakaa katika kiti cha magurudumu hadi mwisho wake. Mwili uliokuwa ukitazamwa na dunia nzima kwa wepesi wake ulimkimbia kiungo kimoja kimoja, na vidole vile vitatu vya mkono wa kushoto vikashindwa hata kushika kalamu vizuri. Waliomtembelea wanasimulia kwamba hakulalamika, na kwamba aliendelea kujibu barua za wachezaji wa ridhaa waliomwuliza kwa nini mpira unapinda.

Mwaka wa 1958 mji wa St Andrews ulimtunuku uraia wa heshima, Mmarekani wa kwanza kuupata tangu Benjamin Franklin mwaka wa 1759. Alifika akitembea kwa shida, na wenyeji wa mji ule ule aliokuwa ameususia uwanja wake akiwa kijana wa miaka 19 walijaa ukumbini wakamwimbia alipotoka. Alifariki Atlanta tarehe 18 Desemba 1971, akiwa na umri wa miaka 69. Habari zilipofika St Andrews bendera ya klabu ilishushwa nusu mlingoti. Katika uwanja wa kale kila shimo lina jina lake la tangu zamani isipokuwa la 10, ambalo halikuwa na jina. Mwaka uliofuata waliliita Bobby Jones. Liko jirani na lile la 11, alipouokota mpira wake mwaka wa 1921.